Muulize Fundi wa Ndege: Injini ya Cessna na ya Toyota, ipi ngumu?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu injini za ndege ndogo za pistoni, zile kama za Cessna 172 zinazofundishia marubani pale uwanja wa Wilson, Nairobi, na viwanja vingine, na maswali yakawa mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua haya. Naongelea ndege za pistoni tu jamani, zile Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na Zanzibar zina tabaini, hiyo ni habari nyingine kabisa na tutaipa siku yake.

Shikamoo fundi. Mimi nina gereji Ilala, kazi zangu nyingi ni IST na hizi Corolla. Injini yake ya 1NZ naiona inafika kilomita laki tatu haijafunguliwa, na mwenye gari anabadilisha oili siku akikumbuka. Sasa nasikia ya Cessna inafunguliwa yote ikifika masaa 2000. Si ndo mbovu hiyo? Na bei yake haishikiki!
*Fundi gari, Dar es Salaam*

Marahaba ndugu yangu. Hesabu yako iko sawa, tuifanye hadi mwisho. Masaa 2000, ukisema gari linatembea wastani wa kilomita 60 kwa saa, ni kilomita laki moja na elfu ishirini. Kwa karatasi hapo Toyota imeshinda, sikatai, ile 1NZ ni injini nzuri sana na walioibuni walijua wanachofanya.

Lakini angalia inavyotumika. Hiyo 1NZ ya lita 1.5 inatoa kama hosipawa 109, na hizo unazipata ukiipandisha mpaka mizunguko 6000 hivi kwa dakika. Wewe mwenyewe fundi niambie, mteja wako anafika 6000 mara ngapi kwa mwezi? Akiwa barabara ya Morogoro anatembea mia kwenye tambarare injini inatoa sehemu ndogo tu ya nguvu zake, akiingia foleni ya Ubungo ndo kabisa iko sailensa. Cessna haina foleni. Rubani anasukuma throto, kitasa cha kuongeza nguvu, mpaka mwisho, anapanda hivyo hivyo dakika kumi au zaidi, halafu anapunguza mpaka asilimia 65 au 75 ya nguvu zote na anabaki hapo hapo masaa mawili, matatu, bila kuachia. Sasa ichukue IST, igandishe kwenye asilimia 75 toka Dar mpaka Dodoma na kurudi, irudie wiki hadi wiki mpaka masaa 2000 yaishe, ndo ulinganishe.

Ndo maana waliotengeneza ya ndege waliiumba kivingine. Lycoming O-320 iliyofungwa kwenye Cessna 172 nyingi kuanzia 1968 ina silinda nne zimelala mbili mbili zikitazamana, ina lita 5.2, na inatoa hosipawa 150 au 160 tu. Lita tano! Kwa macho ya fundi gari hiyo ni aibu, lakini hosipawa hizo zote inazitoa kwenye mizunguko 2700, haikimbizwi. Na 2700 si namba ya kubahatisha, propela imefungwa moja kwa moja kwenye krenkshafti, shafti kuu ya injini, hakuna giaboksi katikati, na ncha ya propela kwenye mizunguko hiyo inakata hewa kama mita 270 kwa sekunde. Ukiizungusha zaidi ncha inakaribia kasi ya sauti, makelele yanazidi na msukumo unapungua.

Halafu hesabu vitu ambavyo haina. Haina radieta, haina wota pampu, haina mipira ya maji, haina taimingi belti, inapozwa na hewa tu kupitia mapezi ya silinda. Gari ngapi zimeletwa kwako zimechemsha kwa sababu mpira wa shilingi elfu kumi ulipasuka? Kwenye hii mpira huo haupo. Na moto wa plagi hautegemei betri: kuna magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, kila moja inatengeneza umeme wake, na kila silinda ina plagi mbili, moja ya magneto hii nyingine ya magneto ile. Alteneta ife, betri ife, rubani azime swichi zote za umeme, injini inaendelea kunguruma. Kabla ya kuruka rubani anapandisha mpaka 1700 au 1800, anazima magneto ya kushoto anasikiliza, anairudisha, anazima ya kulia. Mizunguko inashuka kidogo, hiyo sawa, ila ikishuka zaidi ya 125 au 150 kutegemea na modeli basi harudi kwenye foleni ya kuruka, anarudi hanga. Sasa gari lako hilo lenye koili moja kwa kila plagi, ni nani anaipima kila asubuhi kabla hajatoka getini?

Na hayo masaa 2000, ndugu yangu, si kwamba ikifika 2001 inakufa. Ni kikomo alichopendekeza mtengenezaji baada ya kuziona nyingi zikifunguliwa, na ameweka na miaka 12 pia, kinachotangulia. Katikati hapo kila masaa 100 au kila mwaka inakaguliwa. Kompresheni tunaipima tofauti na nyie: tunaingiza hewa ya PSI 80 kwenye silinda, pistoni ikiwa juu, tunaangalia inabakiza ngapi. Ikisoma 74 tunafurahi, ikikaribia 60 tunatega sikio. Hewa ikipuliza kwenye egzosti ujue ni vali ya egzosti, ikitokea kwenye mdomo wa oili ujue ni ringi, ikisikika kwenye njia ya hewa safi ni vali ya inteki. Hii mbinu inafaa hata kwenye gereji yako, vifaa vyake si vya ajabu.

Bei ndo kweli inaumiza. Ovaholi, yaani kuifungua yote na kuisuka upya, ni makumi ya maelfu ya dola, kwa sababu zinatengenezwa chache, kila spea ina karatasi zake, na anayeifunga anasaini kwa leseni yake. Injini ya mtumba ya kontena haiingii huku.

Mwanangu fundi, mimi ni mama wa Moshi, kijana wangu anasomea urubani Nairobi na ndo ameanza kuruka peke yake. Silali. Injini ni moja tu, ikizimika juu huko inakuwaje?
*Mama rubani, Moshi*

Shikamoo mama. Nakuelewa kabisa, na sitakuambia haizimiki. Huzimika, mara chache, lakini huzimika, na ndiyo sababu kijana wako hakuruhusiwa kwenda peke yake mpaka mwalimu amemkatia throto angani mara nyingi na kumwambia haya, injini imekufa, tunatua wapi?

Ndege ikikosa injini haidondoki mama. Inateleza. Cessna 172 kwa kila mita moja inayoshuka inasogea mbele kama mita tisa, kwa hiyo akiwa futi 5000 juu ya ardhi ana kama kilomita 13 au 14 mbele yake, bila upepo, za kutafuta shamba. Jambo la kwanza anashika spidi yake ya kutelezea, la pili anachagua mahali, ndipo la tatu anahangaika na injini.

Na hili ndilo nataka ulijue zaidi: mara nyingi sana injini ikizimika, chuma hakina kosa. Ni mafuta. Yameisha, au yameingia maji, au swichi ya tanki imeelekezwa kusiko. Kwa hiyo muulize kijana wako akirudi likizo akuonyeshe kikombe chake. Kila rubani ana kikombe kidogo cha plastiki chenye kijiti juu, asubuhi anakisukumia kwenye vali chini ya bawa, mafuta yanatiririka kidogo, anakiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege ni ya bluu, bluu ya kufifia. Maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo yanakaa chini, utayaona kama lulu ndogo zinazocheza kwenye kitako cha kikombe, zisizo na rangi. Akiyaona anamwaga, anachota tena, anachota tena mpaka iwe bluu tupu. Kila tanki, na pale chini ya injini pia. Akikikosa kikombe siku hiyo haendi popote. Na mita za mafuta haziamini, anapanda juu ya bawa anachovya kijiti tankini.

Kingine ni barafu kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na hapa watu hushangaa, barafu Afrika Mashariki? Ndiyo mama. Petroli ikipulizwa inageuka mvuke na hewa ikipenya pale penye koo jembamba, joto linaporomoka hata nyuzi 20 na zaidi, kwa hiyo hata nje kukiwa na nyuzi 25 na unyevu mwingi barafu inaweza kuganda ndani na kuiziba injini taratibu, hasa rubani akiwa amepunguza throto anashuka. Kuna kitasa cha kuleta hewa ya moto toka kwenye egzosti, wanafundishwa kukivuta mapema. Cessna 172 mpya zaidi hazina kabureta, zinapuliza mafuta kwa injekta, hilo tatizo halipo.

Na Wilson iko juu, zaidi ya futi 5500, hewa ni nyepesi, injini ya hosipawa 160 pale hata ukiifungulia yote unapata kama 130 tu. Ndo maana wanafundishwa kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko kwa kile kitasa chekundu, na kuhesabu uzito kabla ya kupakia mtu wa tatu. Vijana wanaojifunzia mahali kama hapo wanajua hesabu hizi mapema kuliko wa pwani. Mpe salamu, na mwambie akupigie akishatua, si kabla ya kuruka.

Fundi mambo, niko Mwanza nasoma ufundi mitambo. Kwa nini hawafungi tu injini ya gari ya kisasa yenye kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kwenye ndege? Hizo magneto ni teknolojia ya mababu. Mimi naona ni ubishi tu wa wazee.
*Mwanafunzi, Mwanza*

Poa mdogo wangu, swali zuri na wamelijaribu watu wenye pesa kuliko mimi na wewe. Hata mwanzo kabisa ilikuwa hivyo, ndugu wawili Wright waliandikia watengeneza injini za magari wakitafuta iliyo nyepesi na yenye nguvu ya kutosha, wakakosa, ikabidi fundi wao Charlie Taylor aitengeneze mwenyewe, bloku ya aluminiamu, silinda nne, kama hosipawa 12, ndiyo iliyoruka 1903.

Miaka ya 1980 Porsche walichukua injini ya 911 wakaibadilisha iwe ya ndege, wakaiita PFM 3200, ikafungwa kwenye ndege ya Mooney M20L. Nzuri kweli, kitasa kimoja tu rubani anasukuma, mengine inajipangia. Zikauzwa kama arobaini hivi, Porsche wakaachana nayo, na wenye ndege wakabaki na injini isiyo na kampuni nyuma yake. Hilo nalo ni sehemu ya uimara mdogo wangu, injini nzuri ambayo spea yake haipatikani inakaa chini.

Baadaye kampuni ya Thielert ya Ujerumani wakachukua dizeli ya Mercedes A-Class, ile ndogo, wakaifanya Centurion. Inatumia mafuta ya jeti ambayo yanapatikana viwanja vingi kuliko petroli ya ndege, inakunywa kidogo, ina kompyuta. Watengeneza ndege Diamond wakaweka mbili kwenye ndege yao ya DA42. Lakini injini ya gari inataka kuzunguka haraka na propela inataka kuzunguka taratibu, kwa hiyo lazima giaboksi, na giaboksi hiyo ilitakiwa kutolewa kila masaa 300, na injini yenyewe ikifika 1000 mwanzoni ilikuwa haifunguliwi, inatolewa yote inawekwa nyingine. Thielert ikafilisika 2008, na waliokuwa nazo wakapata tabu kubwa ya spea.

Na Machi 2007 pale Speyer, Ujerumani, DA42 ilikuwa na betri zilizokwisha chaji, wakaiwasha kwa umeme wa nje, injini zote mbili zikanguruma vizuri, wakaruka. Rubani alipokunja magurudumu, mota ya kukunja ikavuta umeme mwingi kwa mpigo, betri haikuwa na cha kuongeza, volti zikashuka kwa kitambo kidogo sana, na kontrol boksi za injini zote mbili zikajizima na kujiwasha upya. Propela mbili zikasimama kwa pamoja. Injini mbili nzima kabisa, hazina hata mkwaruzo, zimekufa kwa sababu ya betri! Ikabidi ishuke kwa dharura. Baada ya hapo zikaongezewa betri za akiba kwa ajili ya kompyuta za injini tu.

Kwa hiyo mimi sipingi kompyuta hata kidogo, na dizeli hizo zimeendelea kuboreshwa na zinaruka leo. Ninachotaka ukikamate ni swali la kuuliza: kitu kimoja hiki kikifa, nini kingine kinakufa nacho? Kwenye gari jibu likiwa "injini inazima" unaegesha pembeni unawasha hazadi. Ukitaka kuona kisasa kilichofikiriwa kwa ndege toka mwanzo soma habari za Rotax 912 ya Austria: lita 1.35 kwa ile ya hosipawa 100, inazunguka mpaka 5800, ina giaboksi, hedi zinapozwa kwa maji, inanywa petroli ya kawaida isiyo na risasi, lakini bado mifumo ya moto ni miwili na plagi mbili kila silinda. Hao si wazee wabishi, waliliona swali hilo hilo.

Habari yako fundi. Sisi ni watu wanne hapa Nairobi tunamiliki Cessna pamoja, kazi zimetubana na haijaruka karibu miezi minne. Kila wikendi mmoja wetu anaenda anaiwasha dakika tano, anazima. Hiyo inatosha kuilinda? Na oili tunaweza kuruka kuibadilisha kwa sababu haijatembea?
*Mwenye robo ndege, Nairobi*

Mzee wangu, acheni hiyo kesho asubuhi. Kuiwasha dakika tano ni vibaya kuliko kuiacha. Injini ikiungua inatengeneza maji, kila petroli inayochomwa inatoa maji, na sehemu yake inapenya kwenye ringi inaingia kwenye oili. Ukiruka nusu saa na zaidi oili inafika nyuzi 80 na kitu, maji yanageuka mvuke yanatoka. Dakika tano chini umeingiza maji na hukuyatoa, kila wikendi unaongeza. Na Lycoming kamshafti yake, ile inayofungua vali kwa kusukuma tapeti, iko juu ya krenkshafti, oili ikishuka inabaki kavu na ndiyo ya kwanza kuota kutu, kutu inakuwa vishimo, vishimo vinakula tapeti, na mwishowe mnafungua injini yenye masaa 700 tu. Nimeona zilizoruka kila siku kwenye shule zikafika 2000 salama, na zilizotunzwa hangani kwa mapenzi zikafa mapema. Ama irukeni walau kila wiki mbili, ama mwiteni injinia wenu aiweke oili ya kuhifadhi na plagi za kunyonya unyevu.

Oili ni masaa 50 kama mna filta kamili, 25 kama ni kichujio cha wavu tu, ama miezi minne, kinachotangulia. Miezi minne imefika, badilisheni. Na msikubali mtu awawekee oili ya gari hata ikiwa ya bei ghali, ina viungo vyenye madini vinavyoacha jivu kwenye silinda, jivu linabaki jekundu kwa moto na kulipua mafuta kabla ya wakati. Mkiona inakula karibu lita moja kila masaa nane au kumi msishtuke, kwa injini hii ni kawaida, ila andikeni. Ikibadilika ghafla ndipo tuongee.

Filta ya zamani msiitupe. Mwambieni injinia aikate mbele yenu, kuna kikata chake kama cha kopo, aikunjue ile karatasi ya mikunjo na kuitandaza juani. Mkaa mweusi si kitu. Mnatafuta vinavyometa. Pitisheni sumaku: vikirukia sumaku ni chuma, huenda kamshafti au tapeti, visiporuka na ni vyeupe ni aluminiamu, huenda pistoni. Vumbi dogo la kumeta mara moja mnaandika na kuangalia tena baada ya masaa machache, vipande mnavyoweza kuvishika kwa kucha ndege hairuki. Mkiwa mmesimama pale, asiguse mtu propela kizembe hata kama ufunguo mnao mfukoni, waya mmoja wa kuzima magneto ukikatika magneto inabaki hai na propela ikisukumwa kidogo inaweza kuwaka.

Fundi, petroli ya sheli inafaa kwenye Cessna? Jirani anasema ni ile ile.
*Msomaji, Arusha*

Si ile ile. Petroli ya ndege, avgasi 100LL, bado ina madini ya risasi kidogo ya kuzuia injini kunoki, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda, na haina ethanoli. Kuna injini ambazo zimeidhinishwa kutumia petroli ya gari kwa karatasi maalumu, lakini idhini ni ya ndege ile kwa namba yake, si ya jirani. Petroli ya kituo inaweza kuwa na ethanoli inayokula mipira ya tanki na kuvuta maji, na kwa joto la mchana inaweza kuchemka ndani ya bomba na kuziba njia kwa mvuke.

Kuna kosa baya kuliko hilo nalo ni kujaziwa mafuta ya jeti kwenye ndege ya petroli. Petroli iliyobaki kwenye bomba inatosha kuwasha, kutembea hadi mwisho wa uwanja, hata kunyanyuka, halafu mafuta ya jeti yanafika injini ikiwa kwenye nguvu zote, na hapo pistoni zinapasuka. Simama karibu anapojaza, soma maandishi kwenye lori, uliza kwa sauti, halafu chota kwenye kikombe ukishajaza. Ikiwa na harufu ya mafuta ya taa, au ukidondoshea karatasi nyeupe ikaacha doa la mafuta lisilokauka, usiwashe injini kabisa. Mwite injinia amwage tanki zote na asafishe bomba.